Gundi ya Asilimia Tatu: Kitu Kidogo Kinachoishikilia Betri ya Simu Yako

Mwaka jana nilipoteza wiki tatu za utafiti kwa sababu ya gundi. Nilikuwa nimetengeneza elektrodi za betri kumi na mbili, nyeusi tii, laini, zinapendeza kwa macho. Siku ya kuzikata vijiduara vya ukubwa wa sarafu, kila nilipobonyeza kikatio poda yote ilibanduka kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu. Chini ikabaki karatasi ya shaba tupu, safi, kana kwamba sikuwahi kuipaka kitu. Msimamizi wangu alisimama mlangoni, akaangalia ule uchafu mezani, akauliza swali moja tu: "Ulikausha kwa nyuzi ngapi?"

Jibu la swali hilo linakuja. Ila kwanza lazima tuingie ndani ya betri.

Betri ni unga

Ukisikia "betri ya litiamu" akili inakimbilia litiamu, na ni haki yake. Mwaka 1991 Sony walipoanza kuuza betri hizi, kilichowashangaza watu ni kemia yake, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi hiyo. Gundi haikutajwa sana siku ile. Sijawahi kuona tangazo la simu linalojisifia gundi.

Kwa lugha nyepesi, ndani ya betri kuna pande mbili. Upande mmoja ni anodi, ambayo kwa kawaida ni grafaiti iliyopakwa juu ya karatasi ya shaba. Upande wa pili ni kathodi, ambayo ni oksidi au fosfeti yenye litiamu ndani yake, iliyopakwa juu ya karatasi ya alumini. Katikati kuna utando wa plastiki wenye vitundu vidogo sana, na vyote vimeloweshwa kimiminika kinachoitwa elektrolaiti. Ukichaji, ayoni za litiamu zinatoka kwenye kathodi, zinaogelea kwenye elektrolaiti na kuingia katikati ya matabaka ya grafaiti. Ukitumia simu, zinarudi zilikotoka. Elektroni haziwezi kupita njia hiyo, zinalazimika kuzunguka kwenye waya, na huko kuzunguka ndiko kunakowasha skrini yako.

Sasa hapa ndipo watu wengi hawapajui. Hiyo grafaiti si kipande kimoja kama risasi ya penseli. Ni unga. Chembe zake nyingi zina upana wa mikromita 10 hadi 20, na kathodi nayo ni unga, mara nyingi laini zaidi. Karatasi ya shaba inayoubeba ina unene wa mikromita 10 au pungufu, wakati unywele wako unaweza kufika 70. Kwa hiyo unatakiwa uchukue unga, uugandishe juu ya karatasi nyembamba kuliko unywele, uikunje mara kadhaa, uitumbukize kwenye kimiminika, halafu uiache ivimbe na kunywea kidogo kila siku kwa miaka mitatu bila punje hata moja kuachia.

Ukitaka picha ya kukusaidia, fikiria zege. Kokoto ni ile grafaiti, mchanga ni kaboni laini inayochanganywa ili kupitisha umeme kati ya punje na punje, na saruji ndiyo gundi. Tofauti ni kwamba kwenye zege ukibana saruji nyumba inaanguka, lakini ukizidisha haudhuriki sana zaidi ya mfuko kutoboka. Kwenye betri kuzidisha nako ni kosa. Gundi nyingi hazipitishi umeme, na hazitunzi chaji hata kidogo. Kila gramu ya gundi unayoongeza ni gramu ya mzigo usiolipa nauli. Ndiyo maana viwandani wanatumia asilimia 1 hadi 5 tu ya uzito wa tabaka lile. Sisi wa maabara tunajiachia, tunafika hata 10, halafu tunaandika makala tukisema tumefanikiwa.

Gundi ikishindwa, punje inaachana na jirani zake. Haijaoza wala haijaisha, imekatiwa umeme tu, kama nyumba ambayo nguzo yake imeanguka. Litiamu iliyokuwa ndani yake inabaki humo humo, haihesabiki tena. Punje moja si kitu, lakini zikiwa maelfu kwa maelfu unaanza kulalamika kwamba simu haikai na chaji. (Betri iliyovimba ni habari nyingine. Ile ni gesi inayotokana na elektrolaiti kuharibika. Usiilaumu gundi, na usiitoboe.)

Jamaa wa kikaango

Gundi iliyotawala kwa miaka mingi inaitwa PVDF, yaani polivinilidini floraidi. Ni polima, mnyororo mrefu wa kaboni ambapo kaboni moja imebeba haidrojeni mbili, inayofuata imebeba florini mbili, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Kifungo kati ya kaboni na florini ni kati ya vifungo vigumu kabisa kuvunja katika kemia ya kaboni. Kathodi inafanya kazi kwenye volti 4 na ushee, mazingira ambayo polima nyingi zinaungua kimyakimya. PVDF inakaa pale imetulia.

Kinachonichekesha ni ukoo wake. PVDF ni binamu wa Teflon, ile inayopakwa kwenye vikaango ili mayai yasigande. Yaani ukoo uliojulikana kwa kutogandisha ndio tunaoutegemea kugandisha! Siri ni kwamba PVDF haishiki kwa kujifunga kikemia na punje. Inajizungusha, inajitandaza, inang'ang'ania kwa nguvu dhaifu dhaifu zilizo nyingi. Kwa kathodi na grafaiti, ambavyo havivimbi sana, hiyo inatosha.

Shida iko kwenye kuiyeyusha. PVDF haiyeyuki kwenye maji. Inataka kiyeyushi kinachoitwa NMP, kinachochemka kwenye nyuzi 202 za Selsiasi. Maana yake oveni ndefu, umeme mwingi, na mitambo ya kuukamata mvuke wote, kwa sababu NMP si ya kuachia hewani. Umoja wa Ulaya uliiweka kwenye orodha ya kemikali zinazotia wasiwasi mkubwa mwaka 2011, kwa kuwa inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na tangu Mei 2020 viwanda vya huko vinabanwa kuhusu kiasi ambacho mfanyakazi anaruhusiwa kuvuta au kugusa. Mimi mwenyewe nimeitumia, nikiwa na glavu na feni ya kuvuta hewa inanguruma juu ya kichwa. Inanuka samaki kwa mbali. Sikuipenda.

Upande wa anodi, habari njema ni kwamba tatizo hili lilishapata jibu, na viwanda vingi vimehamia huko. Jibu ni maji. Gundi ya maji ya betri ni ndoa ya vitu viwili. Cha kwanza ni CMC, ambayo ni selulosi ya miti au pamba iliyobadilishwa kidogo ili iyeyuke majini. Umeshaila kwenye aiskrimu na kuipiga mswaki kwenye dawa ya meno, maana inatumika kuzidisha uzito wa rojo. Cha pili ni SBR, mpira wa kutengeneza, wa aina ile ile inayoingia kwenye matairi, uliotawanywa majini kama matone ya mafuta kwenye maziwa. CMC inatandaza unga usitulie chini, SBR inaleta ulaini ili elektrodi ikunjike bila kupasuka. Peke yake CMC ikikauka ni kama kaukau, ukiikunja inavunjika.

Chapati za maji, na jibu la msimamizi

Kutengeneza elektrodi, kusema kweli, ni kupika. Unachanganya unga mweusi, kaboni, gundi na maji mpaka upate rojo zito kidogo kama la chapati za maji. Unalimwaga juu ya karatasi ya shaba, unapitisha kisu maalumu kinacholitandaza kwa unene mmoja, halafu unaingiza kwenye oveni. Likiwa zito sana halitandazi. Likiwa jepesi linakimbia. Mapovu yakibaki yanaacha mashimo. Nina marafiki wenye shahada mbili ambao kazi yao ya kila siku ni kukoroga.

Sasa, ile siku nilikuwa na haraka. Kulikuwa na zamu ya mashine nisingependa kuipoteza, nikaona nikaushe moja kwa moja kwa nyuzi 120 badala ya kusubiri. Maji yalipoanza kuruka kwa kasi upande wa juu, mengine yakavutwa kutoka chini kwenda kuziba nafasi. Yalipopanda yakabeba vitone vya SBR. Oveni ilivyozidi kufukuza maji, ndivyo gundi ilivyozidi kupanda. Mwisho wa safari juu kukawa na gundi kibao, na chini, pale unga unapokutana na shaba, hakuna kitu. Kwa macho huwezi kujua. Uso unaonekana imara kabisa, kumbe msingi umebomoka.

Siku hizi nakausha kwa nyuzi 50 au 60 taratibu mpaka maji mengi yaondoke, kisha ndipo naingiza kwenye oveni ya ombwe kwa nyuzi 120 kumalizia. Halafu nachukua selotepu, nabandika, navuta. Ikitoka na weusi mwingi, narudia. Kiwandani hawana anasa ya kusubiri kama mimi. Karatasi inapita kwenye oveni ikiwa mwendoni, kila dakika ni pesa, na ugomvi kati ya kasi na gundi inayopanda ni mmoja wa ugomvi halisi wa watu wa uzalishaji.

Silikoni inapoingia nyumbani

Mpaka hapa gundi ni suala la kutoharibu. Kwenye silikoni, gundi ndiyo inayoamua kama betri ipo au haipo. (Nasema silikoni kipengele, ile ya kwenye chipu za kompyuta. Ile ya mrija ya kuzibia madirisha ni kitu kingine.)

Gramu moja ya grafaiti inatunza takriban mAh 372. Gramu moja ya silikoni inafika takriban mAh 3,579. Karibu mara kumi! Sababu ni hesabu ya atomu: grafaiti inahitaji kaboni 6 kumpokea mgeni mmoja wa litiamu, wakati atomu 4 za silikoni zinapokea wageni 15. Lakini wageni wote hao lazima walale mahali. Grafaiti ikijaa inavimba kwa kama asilimia 10. Silikoni ikijaa inakuwa karibu mara nne ya ujazo wake wa mwanzo, na ukitumia chaji inanywea tena. Hebu fikiria ukuta ambao kila tofali linakua mara nne mchana na kusinyaa usiku, halafu mwambie fundi akuchagulie saruji.

Kuna balaa la pili. Kila anodi inapochajiwa mara ya kwanza, elektrolaiti kidogo inaharibika juu yake na kutengeneza utando mwembamba, ambao ni mzuri kwa sababu unazuia uharibifu zaidi. Ila utando huo unakula litiamu. Silikoni inapovimba utando unapasuka, sehemu mpya inabaki wazi, utando mwingine unatengenezwa, litiamu nyingine inaliwa. Inakuwa kama ndoo inayovuja: kila ukichaji unapungukiwa.

PVDF hapa inashindwa haraka. Inavutika pamoja na punje, lakini punje ikinywea yenyewe hairudi, na ule mshiko wake dhaifu unaachia. Basi akili ya kawaida ikasema tutafute gundi inayovutika vizuri, kama mpira. Miaka ya 2000 matokeo yakaja na mshangao: CMC, ile ile inayovunjika kama kaukau, ilishikilia silikoni vizuri kuliko gundi laini zinazonyumbuka. Wengi hawakutegemea.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kinachohesabika hapa ni namna gundi inavyoshika, zaidi ya inavyovutika. Uso wa silikoni una oksidi nyembamba yenye vikundi vya oksijeni na haidrojeni. CMC ina vikundi vya asidi kwenye mnyororo wake. Vikikutana vinashikana kwa vifungo vya haidrojeni, na vingine hata kwa vifungo vya kikemia vya kudumu. Uzuri wa vifungo vya haidrojeni ni kwamba vikikatika vinaweza kuungana tena, na jirani yule yule au mwingine. Punje ikivimba vinaachia hapa, vinashika pale. Ni kama ndugu wanaogombana kila Jumapili na kurudiana Jumatatu, ukoo hausambaratiki.

Kuanzia hapo mlango ukafunguka. PAA, yaani asidi ya poliakriliki, yenye kikundi cha asidi karibu kila hatua ya mnyororo, ikawa kipenzi cha watafiti. Chumvi yake ndiyo inayonyonya mkojo kwenye pampasi. Mwaka 2011 kundi la Gleb Yushin wa Georgia Tech huko Marekani, pamoja na wenzao wa Clemson, walichapisha kwenye jarida la Science kazi ya kutumia alginati, polima inayotolewa kwenye mwani wa kahawia. Alginati ina kikundi cha asidi kwenye kila kipande cha mnyororo kwa asili yake, bila mtu kukibandika kiwandani.

Kila nikieleza hili mtu wa Zanzibar ananiuliza kama mwani wa Paje na Jambiani utatengeneza betri. Natamani ningesema ndiyo. Mwani unaolimwa pale na akina mama, spinosamu na kotonii, ni mwani mwekundu. Polima yake ni karajinani, ambayo inabeba vikundi vya salfa badala ya vile vya alginati. Alginati inatoka kwenye mwani wa kahawia, hasa ile mikubwa ya bahari za baridi. Usimwache mtu akuuzie ndoto hiyo kirahisi.

Na kuna lile la Korea Kusini, ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Mwaka 2017 kundi la Ali Coskun na Jang Wook Choi, pia kwenye Science, lilichanganya PAA na kiasi kidogo cha molekuli ya ajabu: mnyororo uliopitishwa kwenye pete, kama uzi kwenye ushanga, na pete zimefungwa kwenye PAA. Silikoni ikivimba, pete zinateleza kwenye uzi, na mvutano unagawanywa badala ya kurundikana sehemu moja ikakatika. Ni kapi. Baharia anayepandisha tanga la jahazi anaijua kazi hiyo, tofauti ni kwamba kapi hizi huwezi kuziona hata kwa hadubini ya kawaida.

Je, tumefika? Nusu nusu. Tangu 2023 kuna simu za China zinazouzwa zikiwa na anodi za silikoni na kaboni, ila silikoni yenyewe ni sehemu tu ya mchanganyiko. Anodi ya silikoni tupu yenye maisha marefu bado ni kazi ya maabara.

Kathodi bado inakataa maji

Ungefikiri basi tuhamishie gundi ya maji na upande wa pili, tuizike NMP. Tatizo ni kwamba kathodi zenye nikeli nyingi hazielewani na maji. Litiamu inachuruzika kutoka kwenye punje, maji yanakuwa makali kama ya sabuni ya magadi, na ukali huo unaitafuna karatasi ya alumini na kutoa vitone vya gesi ndani ya rojo. Watu wanajaribu kuongeza asidi ya fosfori kidogo kutuliza ukali. Kathodi za fosfeti ya chuma na litiamu, LFP, zina uvumilivu zaidi kwa maji, na naamini huko ndiko NMP itakakoanza kupoteza.

Njia nyingine ni kuacha kiyeyushi kabisa. Unachukua unga mkavu, unaukanda pamoja na PTFE, ile ile ya kikaango, mpaka PTFE inafumka kuwa nyuzi nyembamba zinazofunga punje kama utando wa buibui. Tesla waliinunua kampuni ya Maxwell mwaka 2019, iliyokuwa na ujuzi huo. Oveni ndefu inaondoka, lakini florini inabaki. Na florini ndiyo inayoangaliwa kwa jicho baya sasa: Februari 2023 Ulaya ilichapisha pendekezo la Denmaki, Ujerumani, Uholanzi, Norwei na Uswidi la kubana kundi zima la kemikali ziitwazo PFAS, zisizooza kwa urahisi. PVDF na PTFE zote zimo.

Mimi jambo hili linanigusa zaidi mwisho wa safari ya betri kuliko mwanzo. Ili kurejeleza betri unatakiwa kuutenganisha unga na karatasi yake, yaani kupambana na gundi iliyoundwa makusudi isiachie. Anodi ya CMC ambayo imeshatolewa chaji yote ukiiloweka majini, unga unabanduka kirahisi. Kathodi ya PVDF inataka NMP tena au joto la nyuzi 400 na zaidi, na PVDF ikipata joto la namna hiyo inatoa haidrojeni floraidi, gesi inayokula kioo na kuunguza mapafu. Kiwanda kizuri kinaikamata. Kijana anayechoma betri za simu jalalani ili apate shaba hana kitu cha kuikamatia. Tuseme ukweli pia, chumvi iliyo kwenye elektrolaiti nayo ina florini, kwa hiyo hata tukibadilisha gundi zote kesho, moshi ule bado hautafaa kuvutwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa mliosoma mpaka hapa na mikono inawawasha: msifungue betri nyumbani kuangalia hiyo gundi. Anodi yenye chaji ina litiamu inayopambana na maji, na unyevu wa hewa peke yake unatosha kuanzisha joto. Kama una betri ya simu iliyokufa kweli na unataka kuichangia sayansi, ifunge na selotepu kwenye ncha zake, iweke kwenye kopo kavu lisilo la chuma, na uulize kwanza kama kuna maabara ya chuo karibu nawe inayopokea. Sisi tunapokea. Zenye uvimbe hatuchukui.